Nyapara wa Kofia ya Gunia

Nairobi,
14 Januari 1996

Chepkurui,

Mwalimu wetu wa darasa la nne alisema barua huanza kwa salamu, halafu dhumuni, na anayeruka salamu amelelewa na nyani. Basi chamgei, salamu ya kwenu. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, anakaa Nyamira kwa ndugu yake tangu mwaka ule wa fujo tulipofukuzwa huko Kimulot. Kazi yake siku hizi ni kusimama kando ya mashamba ya chai ya watu na kusema wanachuma vibaya.

Najua miaka minne ni mingi. Kila niliposhika kalamu nilijiambia nitakuandikia nikipata neno zuri la kusema, na neno lenyewe likawa halipatikani. Sasa nimepata kisingizio, nacho kitakuchekesha.

Jioni zangu, nikitoka shuleni ninakofundisha, huandika katika gazeti dogo la hapa linaloitwa Kabati la Juzi. Ni la watu wanaopenda vitu vya zamani: stempu, redio za betri, mabati ya biskuti, vichezeo. Kila toleo nakitathmini kitu kimoja. Nasema kina urefu gani, rangi imebaki kiasi gani, nini kimevunjika, na kama kinastahili kuwekwa au kutupwa. Toleo la Aprili ni la vichezeo, nami nikamkumbuka yule mzee mdogo aliyesimama kwenye rafu ya baba yako, mwenye ndevu na fimbo, tuliyemwita Nyapara. Je, bado yupo? Nitazamie kofia yake, joho lake, na fimbo kama ni ileile. Mgeuze miguu juu uone kama kuna nambari chini. Kama baba yako atakubali, ningependa kumwazima mwezi mmoja apigwe picha.

Msalimie baba sana. Mwambie ni Mokeira wa Bosibori, yule aliyekuwa akila mahindi yenu mabichi.

Wako wa zamani,
Mokeira


Kimulot,
2 Februari 1996

Mokeira,

Salamu nimepokea, na nyani nao nawasalimu. Miaka minne! Nilifikiri Nairobi imekumeza, au umetukasirikia sote kwa ajili ya wale wachache waliowafukuza. Siku mama yako alipopakia vitu kwenye lori nilimfungia sufuria zake katika blanketi letu la kijivu. Kama bado analo, sitaki alirudishe. Nataka tu kujua kama analo.

Sasa mambo ya kazi yako. Nimempima kwa rula. Ni sentimita tisa na nusu, na kofia ndiyo inayompa urefu. Joho lilikuwa la bluu, mgongoni bado unaiona, lakini mbele limekuwa rangi ya majivu kwa sababu huko ndiko baba humshika. Ndevu zimelika upande wa kushoto. Ncha ya kofia imetafunwa. Mwana-mbuzi aliingia nyumbani mwaka wa sabini na moja na baba akamkimbiza hadi mtoni. Fimbo si ileile. Ya kwanza ilivunjika zamani, baba akamchongea nyingine kwa kijiti cha mchai, akaitia alama kama ule ufito wa nyapara wa kupimia meza ya chai, yaani usawa wa vichwa vya michai. Chini ya mguu kuna nambari 4 ndani ya mviringo.

Kumwazima ni shida. Baba haoni vizuri sasa, na miguu imekataa. Kutwa anakaa kitini karibu na rafu, Biblia upande huu, Nyapara upande ule. Mvua ikianza humgeuza atazame dirishani. Nikimwuliza kwa nini, anasema msimamizi hawezi kuipa mvua mgongo.

Lakini alifurahi sana niliposoma barua yako. Jumapili aliwaambia wazee wenzake wa kanisa waliokuja kumwona kwamba gazeti la Nairobi litaandika habari za ile sanamu ambayo kampuni ilimchongea Krismasi ya mwaka wa sitini na saba. Mchungaji amesema toleo likitoka litasomwa baada ya ibada. Kwa hiyo andika vizuri, na jina lote: Johana arap Mosonik, nyapara miaka thelathini na moja.

Chepkurui


Nairobi,
17 Februari 1996

Chepkurui, dada,

Blanketi analo. Hujifunika miguu kwalo, na mtu mwingine haruhusiwi kuligusa.

Nambari 4! Nilijua. Kaa chini kwanza. Mhariri wetu, Bwana Arasa, ana kitabu cha picha cha wakusanyaji wa ng'ambo, na jana wakati wa chai ya jioni tulimpata humo. Ni mmoja wa seti ya vichezeo saba iliyouzwa Uingereza, na wengine ni mfalme, binti wa mfalme, askari wawili, farasi na joka. Wa nne ni mchawi wa mfalme. Ile tuliyosema ni kofia ya gunia ni kofia ya kichawi. Lile tulilosema ni koti la mvua ni joho la kichawi. Na fimbo, Mungu atusamehe, haikuwa ya kupimia chai.

Nilicheka mpaka Bwana Arasa akaacha kitabu akaniangalia. Lakini hebu fikiria, watoto wangapi wengine duniani wangekosea hivyo? Sisi tuliona wachumaji kila siku, gunia limekunjwa kona moja ndani ya nyingine na kuvaliwa kichwani kwa ajili ya mvua, ncha juu kama mnara. Tulimwona baba yako na ufito mkononi. Tungemwita nani mwingine?

Nimeanza kuandika hivi: "Mchawi Na. 4. Urefu sm 9.5. Rangi asili mgongoni tu. Kofia imepungua ncha. Fimbo ya asili imepotea, na badala yake kuna ya mti, kasoro inayomshusha daraja. Mmiliki, mzee wa Kimulot, amemweka miaka ishirini na minane akiamini ni sanamu yake mwenyewe." Niambie kama kuna nililokosea.

Mokeira


Kimulot,
1 Machi 1996

Mokeira,

Ndiyo, kuna ulilokosea.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Unataka mchungaji asimame mbele ya watu asome kwamba Mzee Johana amekaa na mchawi kando ya Biblia tangu mwaka wa sitini na saba? Unajua neno hilo linavyochukuliwa kwa uzito, kwetu na kwenu. Huku hakuna mfalme wala joka wa kulieleza. Likishatoka mdomoni halirudi. Na hata kama hakuna atakayesema kitu, watu watacheka. Watacheka kwamba alidanganyika, mtu mzima, na akajivunia miaka yote hiyo. Hana kingine, Mokeira. Kampuni ilimpa mkono na barua ya karatasi moja alipostaafu. Hicho kidude ndicho anachoonyesha wageni.

Mimi sikuwepo Krismasi ile, nilikuwa na surua kwa nyanya kule Kiptere. Nilirudi nikamkuta kwenye rafu, na ni wewe, kwa mdomo wako, uliyenieleza kwamba kampuni imemchonga baba yangu. Sasa ni wewe tena unayetaka kueleza gazeti zima kwamba alikuwa mjinga.

Umenyamaza miaka minne, ukaandika kwa sababu ya kichezeo. Hukuuliza miguu ya baba ilianza kukataa lini. Kama ulichotaka ni nambari tu, ungesema unataka nambari tu.

Usichapishe. Na kama utachapisha, usiniandikie tena.

Chepkurui


Nairobi,
9 Machi 1996

Chepkurui,

Sitachapisha. Hilo nimeliweka kwanza ili usilazimike kusoma hadi mwisho. Nimemwambia Bwana Arasa nitaandika juu ya bati la biskuti.

Umesema kweli yote. Niliandika kwa sababu ya kichezeo, nami naona aibu. Lakini kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu, hata mama. Nikikuambia utajua kwa nini niliandika kwa ajili ya kichezeo kile na si kwa kingine.

Kampuni haikumpa baba yako kitu. Kile kilikuwa changu.

Jumamosi kabla ya Krismasi ile watoto wa laini zote za nyumba za wafanyakazi tuliitwa uwanjani. Memsahibu, mke wa meneja, alikuwa na sanduku la vichezeo kutoka kwao Uingereza, baba yako akisoma majina kwenye karatasi. Mokeira binti Bosibori, akaita, nami nikapewa yule mzee. Sikuwahi kuwa na kitu changu kabla ya hapo. Nililala naye usiku ule ndani ya gauni.

Mama wakati huo alikuwa akichuma shamba namba kumi na moja, kule juu msituni, akiwa na mimba ya mdogo wangu Kepher. Unakumbuka kulivyo. Kushuka na kikapu kilichojaa hadi mizani ilikuwa karibu saa nzima, na njia yote ni utelezi. Jioni alikuwa akikaa mlangoni hawezi kuvua viatu. Wanawake walisema wenye bahati wako namba tatu, kando ya barabara, lakini kwenda huko ni mpaka nyapara apende. Nilikuwa na miaka minane. Nilielewa neno moja tu, "apende".

Jumapili nilikuja kwenu peke yangu. Nilimpa baba yako yule mzee kwa mikono miwili, nikamwambia ni yeye, kampuni imemchonga, nami nimetumwa nimletee. Uongo huo niliutunga njiani. Alimtazama muda mrefu, akanitazama mimi, akasema asante. Jumatano majina mapya yakabandikwa kwenye kibanda cha mizani. Mama alikuwa namba tatu.

Hapo ndipo penye mwiba. Mama alijivunia jambo hilo maisha yake yote, na mpaka leo anajivunia. Akigombana na mtu anasema, "Mimi nilipelekwa namba tatu kwa ajili ya mkono wangu." Kila akisema, mimi hutazama chini, kwa sababu najua ni mimi niliyehonga. Nampenda sana mama yangu, Chepkurui, na miaka ishirini na minane nimejua kwamba fahari yake nilimnunulia kwa kidude cha sentimita tisa na nusu. Nilitaka kukishika tena. Sijui nilifikiri kitaniambia nini.

Kwa hiyo baba yako si mjinga. Kama kuna aliyedanganya ni mimi, na yeye kama alipokea, alipokea kwa mtoto. Usimsomee barua hii. Mwache na Nyapara wake.

Miguu ilianza kukataa lini?

Mokeira


Kimulot,
30 Machi 1996

Mokeira,

Miguu ilianza mwaka wa tisini na tatu, kwanza wa kulia.

Nimemsomea. Najua ulisema nisifanye hivyo. Wiki nzima nilitembea na barua yako ndani ya mfuko wa aproni, nachuma nayo, napima chai nayo, nikiona namficha baba yangu jambo lake mwenyewe. Jumatano mvua ilinikatisha nikarudi mapema, nikamkuta amemgeuza Nyapara dirishani, nikakaa chini nikasoma yote. Ile barua ya mchawi pia.

Aliniomba nisome tena kuanzia pale pa Jumapili. Halafu akaniambia nichukue kalamu. Haya ni maneno yake, sikuyapamba.

"Andika hivi. Mokeira, mimi Johana. Ile karatasi ya majina ya watoto ni mimi nilikuwa nashika. Nilikuona ukipewa ile kitu. Unaweza kuniambia Jumapili kampuni imenichonga, na Jumamosi mimi nilisimama hapo? Na tena mimi sijawahi kuwa na ndevu, hata siku moja. Nilijua ni yako, na nilijua umekuja kwa sababu ya mama.

"Ningekurudishia hapo hapo. Lakini mtoto akikupa kitu na mikono miwili, ukikataa utamtuma nyumbani na aibu, na mama yake atajua. Atasema mtoto wangu ameenda kuhonga. Nikasema nitaweka, akikuwa mkubwa nitampa. Ukakuwa, ukaenda shule ya mbali. Halafu ikakuja ile mwaka ya fujo. Nilisimama getini mama yako akipanda lori. Hiyo kitu ilikuwa kwa mfuko yangu. Lakini mtu anafukuzwa kwake, wewe unamshikisha kichezeo? Nikarudi nayo nyumbani. Hiyo siku ndiyo mimi ninajuta, si ingine.

"Sasa sikia vizuri. Majina ya namba tatu niliandika Ijumaa. Ijumaa, kabla ya sherehe, kabla ya wewe kupewa hata hiyo kitu. Karani akaiweka kwa sanduku mpaka Krismasi ipite. Bosibori alikuwa wa kwanza. Wiki sita nilimwaga kikapu yake kwa meza, sikupata jani moja ngumu. Majani mbili na chipukizi, kutoka juu mpaka chini, na ana mimba, na kutoka namba kumi na moja. Miaka thelathini na moja nimeona mikono mingi. Kama ya huyo mama niliona mbili au tatu. Wewe hukununua kitu. Mwambie."

Kisha akasema niongeze kwamba kama ni mchawi, amekaa na Biblia miaka ishirini na minane, bila shaka ameshaokoka. Jumapili walipokuja kumwona alimwambia mchungaji vivyo hivyo, mbele ya wazee wote, yeye mwenyewe. Mchungaji alicheka mpaka akatoa kitambaa. Mimi niliyekuwa nikimlinda nilibaki nimeshika mkeka wa wageni.

Nilipomwuliza kwa nini alituacha tuamini ni sanamu yake, alisema wageni walipouliza hakuwa na namna ya kueleza bila kukutaja. Basi akawa anasema ni yake. Baadaye akaizoea.

Anasema hatamtuma Nyapara kwa posta. Uje mwenyewe umchukue, na mama yako uje naye. Nami nasema hivyo. Barabara ni nzuri sasa, na hapa kuna kitanda. Nilikuandikia maneno makali. Nilikuwa nimekukosa sana, na hasira ilikuwa rahisi kuandika kuliko hilo.

Chepkurui


Nyamira,
8 Aprili 1996

Chepkurui, dada yangu,

Nimekuja huku kumwambia mama uso kwa uso. Nilimkuta mama akichagua maharagwe, blanketi lenu magotini. Nilimweleza yote tangu gauni hadi kibanda cha mizani, halafu nikamsomea maneno ya baba. Nilikuwa nalia. Yeye aliendelea kuchagua.

Nilipomaliza alisema, "Si nilikuwa nakuambia?"

Hilo ndilo lote kuhusu namba tatu. Halikumshangaza hata kidogo, kwa sababu yeye hakuwahi kuwa na shaka. Kilichomwudhi ni kichezeo. Nilikuwa nimemwambia nimekipoteza mtoni, akanipiga kofi kwa uzembe, na sasa ametambua kwamba kofi lile halikuwa la haki. Akanimenyea ndizi mbivu, mimi mwanamke wa miaka thelathini na saba, akanilisha kwa mkono wake. Baadaye nilimwona nyuma ya nyumba, amesimama peke yake, vidole vikicheza hewani kama anachuma.

Tutakuja Jumamosi, tarehe ishirini. Aliogopa barabara, sitakuficha, aliuliza mara tatu kama ni salama. Halafu akaenda kutafuta viatu. Anataka kuona namba tatu, aone kama wa siku hizi wanajua kazi. Blanketi anakuja nalo, lakini si la kurudisha.

Nyapara sitamchukua. Nataka tu nimshike kidogo, halafu nimpe baba tena kwa mikono miwili, safari hii bila uongo. Mwambie hivyo, au usimwambie, nitafanya mwenyewe.

Bwana Arasa alilikataa bati la biskuti. Nimempelekea haya, na kama kuna nililokosea, safari hii pia niambie:

"Na. 4 katika seti ya vichezeo saba. Urefu sm 9.5. Rangi asili mgongoni tu, mbele imelika kwa kushikwa. Kofia imepungua ncha, kazi ya mbuzi. Fimbo imechongwa kwa mchai na mkono wa fundi, na mkaguzi huyu anaiona bora kuliko ya asili. Hali: nzuri. Hauzwi. Yuko kwa Mzee Johana arap Mosonik, Kimulot, aliyempokea kwa mtoto na kumtunzia mtoto huyohuyo. Kitabu cha ng'ambo kinasema ni mchawi. Sisi tuliokua naye tulimjua kuwa nyapara, na tunashuhudia kwamba hakula hongo."

Wako,
Mokeira wa Bosibori